Kuishusha Pua ya Pikapu Kuukuu Bila Kuhatarisha Roho

Wiki hii, ndugu wasomaji, ukurasa wetu unatoka jikoni na bustanini na kuingia gereji. Tunakwenda mbali kidogo, mpaka Marekani, ambako kuna watu wengi, na miongoni mwao wastaafu wa jeshi na polisi, ambao Jumamosi zao hawazitumii kwa jambo lingine ila kufufua magari ya ujana wao. Mzee hununua pikapu iliyolala shambani miaka arobaini, kuku wametaga ndani yake, akaifungua skrubu moja baada ya nyingine pamoja na mwanawe au mjukuu wake, kisha baada ya miaka miwili au mitatu ikatoka iking'aa kama iliyoshuka melini jana.

Gari linalopendwa mno kwa kazi hiyo ni Chevrolet 3100, pikapu ya nusu tani ambayo umbo lake lilianza kuuzwa katika kiangazi cha mwaka 1947 na likaendelea mpaka mapema mwaka 1955. Wale waliopata kuona picha zake wataikumbuka: mabega ya mviringo, kioo kidogo cha nyuma, grili yenye mistari mitano ya kulala. Ni gari lililoundwa kwa wakulima. Basi lilisimama juu, pua imeinuka, lipate kupita juu ya mawe na matuta ya shamba.

Na hapo ndipo shughuli inapoanza. Mzee wetu hapeleki tena mahindi sokoni. Anataka gari la kumpeleka kanisani na mkewe, na kuwaonyesha marafiki, na anataka lilale chini, pua imeinama kidogo kama ng'ombe dume anayejiandaa. Kwetu sisi jambo hilo lachekesha, kwa kuwa hapa fundi huongeza jani la springi gari lipate kuinuka juu ya makorongo. Huko wao hulipa fedha lishuke. Lakini barabara zao ni za lami, na kila nchi na starehe zake. La kutazama ni kwamba kushusha pua ya gari ni kugusa usukani, na mwenye kugusa usukani ameshika roho za watu wote waliokaa ndani.

Pikapu hizo za Chevrolet, hata zile zilizofuata mpaka mwaka 1959, zilikuwa na ekseli ya mbele iliyo kipande kimoja cha chuma, kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia. Ekseli ya namna hii si ngeni kwa wasomaji wetu. Askari aliyepata kufanya kazi karakana ya magari ya jeshi ameishika kwa mikono yake chini ya malori: boriti nzito ya chuma kilichofuliwa, ambayo ukiikata na kuitazama ubavuni ina umbo la herufi I, juu yake zimekaa springi za majani mbili, zimefungwa kwa yubolti, na katika kila ncha kuna tundu la kingipini, ambayo hushika stabu, yaani kile kijiti kinachobeba gurudumu na kuligeuza huku na huku. Ekseli iliyoshushwa ni hiyo hiyo, ila ncha zake zimepindwa juu zaidi. Magurudumu hubaki pale pale ardhini. Sehemu ya katikati ya ekseli, na springi, na fremu, na injini, na bodi nzima, vyote hukaa chini.

Ufundi huu una historia, na historia yenyewe haiko mbali na jeshi. Katika miaka ya 1930 vijana wa kusini mwa California walikuwa wakienda kushindana kwa mwendo katika ziwa kavu la Muroc, ambalo sakafu yake ni ngumu na tambarare kama meza. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana vikaunda chama cha kupima mwendo kwa saa, Southern California Timing Association, ambacho kipo hata leo. Walitumia Ford za bei ndogo, wakazivua kila kisichohitajika na kuzishusha zisipigwe sana na upepo wala kuyumba. Vita vilipokuja, jeshi la anga liliichukua Muroc, na leo mahali hapo ni kituo cha anga cha Edwards, kinachojulikana dunia nzima kwa majaribio ya ndege. Mwaka 1945 vijana walirudi kutoka vitani. Walikuwa wameondoka wakiwa watoto wa shule, wakarudi wakijua kuchomelea, kukereza chuma na kutengeneza injini za ndege, tena wakiwa na akiba ya mishahara mfukoni. Gazeti la Hot Rod lilitoka kwa mara ya kwanza Januari 1948, na likawakuta wako tayari. Katika mji wa San Diego, ambao ni mji wa wanamaji, alikuwako fundi aitwaye Ed Stewart, ambaye kwa kazi ya kupasha ekseli moto na kuzivuta alipewa jina la utani la "Axle", maana yake Ekseli.

Sasa turudi kwa mzee wetu na pikapu yake.

Jambo la kwanza atakaloambiwa na jirani ni kwamba hana haja ya kununua ekseli. Atoe majani mawili au matatu ya springi, gari litashuka lenyewe. Ni kweli litashuka. Lakini litashuka kwa sababu springi imedhoofika, na fremu imeikaribia ekseli. Nafasi ile ya katikati ndiyo ekseli inayotumia kupanda na kushuka gurudumu linapopiga shimo. Ukiila nafasi hiyo, kila shimo ni kishindo cha chuma kwa chuma; na mtu akifunga breki kwa nguvu, springi nyembamba hujipinda na ekseli nayo hujizungusha. Ekseli iliyoshushwa haina dhambi hiyo. Umbali baina ya ekseli na fremu unabaki ule ule wa kiwandani, shokomzoba hubaki na urefu ule ule, springi hubaki na nguvu zake. Hii ndiyo fadhila yake kubwa, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo sababu peke yake inayotosha kuilipia.

Njia nyingine ni kuiondoa ekseli kabisa, kukata fremu na kuchomelea mahali pake mfumo wa magurudumu yanayojitegemea, na unaopendwa zaidi ni ule ulioigwa kutoka gari dogo la Ford Mustang II la miaka ya 1974 hadi 1978. Hutembea kwa raha, hilo hatulikatai. Lakini huko ni kuchomelea fremu ya gari litakalobeba familia, kazi ya fundi aliyesomea. Na ukishakata huwezi kurudi. Ekseli hufunguliwa kwa spana na kurudishwa kwa spana.

Haya, ameamua kununua ekseli. Anaulizwa: inchi ngapi?

Hapa wengi hujikwaa. Hata ekseli ya kiwandani haikunyooka kama rula. Nayo ina mpindo wake. Wauzaji wengine huhesabu mpindo wote, kutoka mahali springi inapokalia mpaka usawa wa stabu, na wengine huhesabu tu kile kilichozidi juu ya mpindo wa kiwandani. Katika Ford ndogo za miaka ya 1930, kwa mfano, ekseli ya asili ilikuwa na mpindo wa inchi 2 hivi; basi ekseli iuzwayo kwa jina la "inchi 4" huishusha gari hilo kwa inchi 2 tu. Mtu asiyejua hufunga, huona gari halikushuka alivyotarajia, hukasirika, hutoa majani ya springi, na ameharibu lile aliloliepuka. Kwa hiyo dawa ni kuipima ekseli yako mwenyewe kabla ya kuagiza, na kumwuliza muuzaji swali moja: gari langu litashuka inchi ngapi kutoka lilipo sasa?

Kwa pikapu yenye springi mbili za majani, inchi 3, yaani sentimita 7 na nusu hivi, zinatosha sana. Zinaonekana kwa macho, na magurudumu bado yana nafasi ndani ya bawa za matope. Anayetaka 4 au 5 anataka picha kuliko gari. Tena asisahau kwamba gurudumu sasa limepanda ndani ya bawa kwa kiasi kile kile, na tairi pana likikatwa kona mpaka mwisho, shimo likipigwa, litaukwaruza ukingo wa bati.

Kuna ekseli za namna tatu sokoni. Ya kwanza ni ile ile ya asili, iliyopashwa moto na kuvutwa. Mteja hupeleka ekseli yake na kurudishiwa imepindwa, au huibadilisha na nyingine iliyo tayari. Kazi hii ikifanywa na mjuzi ni nzuri mno, kwa kuwa chuma ni kile kile kilichofuliwa kiwandani na kila tundu liko mahali pake. Lakini chuma kikivutwa hukonda. Tazama penye kona: mpindo uwe laini, usiwe na kidonda cha nyundo, wala mahali palipobanwa ghafla. Chuma kilichopashwa kiachwe kipoe taratibu; aliyekimwagia maji amekitia ugumu wa kigae. Na ekseli iliyokatwa na kuchomelewa mahali palipopindwa usiichukue hata ukipewa bure na nauli juu.

Ya pili ni boriti mpya yenye umbo la I. Hizi nyingine hufuliwa kwa chuma cha pua, na nyingine humiminwa kwa chuma cha kusubu kilichofanywa kiwe na unyumbufu. Zote mbili zimefanya kazi barabarani miaka mingi. Tofauti yake kubwa ni hii: ekseli iliyofuliwa, kama pembe za magurudumu hazikukaa sawa, fundi mwenye mashine anaweza kuinyosha ikiwa baridi, iliyomiminwa haipindwi. Uliza kabla hujalipa.

Ya tatu ni ya bomba. Ni nyepesi na nzuri kwa macho. Juu yake kuna onyo moja ambalo mafundi wa Ford wamelijifunza kwa hasara. Ford za zamani zilikuwa na springi moja iliyolala kukingama, na ekseli ilishikwa isiende nyuma kwa uma mkubwa wa chuma uliokutana katikati ya gari. Wajenzi walipoupasua uma huo na kufunga kila tawi ubavuni mwa fremu, gurudumu moja lilipopanda juu ya jiwe ekseli ililazimika kujinyonga, ncha moja huku, nyingine kule. Boriti ya I hukubali kunyongwa. Bomba halikubali kabisa, na nguvu zote zikaenda kwenye mabano na penye weldi, mpaka pakapasuka. Basi uma uliopasuliwa na bomba havikai nyumba moja. Mwenye Chevrolet ya springi mbili hana shida hiyo, kwani springi zenyewe hulegea kila moja upande wake, na bomba lililotengenezwa kwa ajili ya gari lake litamfaa.

Na hilo la "kwa ajili ya gari lake" lichukuliwe kwa uzito. Katika jamii hii hii kulikuwa na 3100 ya nusu tani, 3600 ya robo tatu ya tani, na 3800 ya tani moja. Zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini mizigo yao si sawa. Ekseli iuzwayo kwa nusu tani haiwekwi chini ya ndugu mkubwa kwa sababu tu tundu zimekutana.

Tuseme ekseli imefika, imefungwa, na gari limekaa vile mzee alivyoota. Mama watoto anatoka nje, anafuta mikono, anauliza: "Baba, na litakata kona?" Swali hilo ndilo lenyewe, na mara nyingi jibu la siku ya kwanza ni kwamba halikati.

Stabu zimepanda inchi 3 kuelekea springi. Mikono ya usukani iliyofungwa kwenye stabu nayo imepanda, na ile fimbo ndefu inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ambayo mafundi huiita tairodi, imepanda pamoja nayo. Ilikuwa ikipita kwa raha chini ya springi, sasa inazigonga. Kwa hiyo ekseli ya kushuka huhitaji mikono ya usukani iliyopindwa chini kwa kipimo kinacholingana. Isiwe mtu amewasha gesi na kuipinda mwenyewe uani. Mikono hiyo ndiyo inayogeuza magurudumu, na mkono ukikatika hakuna breki ya kukusaidia usielekee kule gari linakotaka. Inunuliwe iliyofuliwa kwa ajili hiyo, au ipindwe na yule yule aliyeivuta ekseli.

Fimbo nyingine ni ile inayotoka kwenye boksi la usukani. Kiwandani iliwekwa kwa hesabu, ncha yake ipande na kushuka katika tao lile lile la springi. Ukiiinua ncha moja kwa inchi 3, matao hayo hayapatani tena, na gurudumu likipanda juu ya tuta hugeuka lenyewe bila dereva kutaka. Namna ya kulijua ni rahisi na haihitaji mashine. Usukani ufungwe usizunguke, springi ya upande mmoja ilegezwe, kisha ekseli ipandishwe na kushushwa kwa jeki huku mtu mmoja akilitazama gurudumu. Likigeuka huku na huku, fimbo haijakaa mahali pake.

Liko pia jambo ambalo halionekani kwa macho. Kingipini haisimami wima. Kichwa chake kimelala kidogo kuelekea nyuma, kama uma wa mbele wa baiskeli. Mlalo huo ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona na kulifanya gari lishike njia. Sasa chukua penseli. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, 3100 ina inchi 116. Ukishusha mbele inchi 3 na nyuma ukaacha kama ilivyo, fremu nzima imeinama kwa nyuzi moja na nusu hivi, na kingipini imeinama nayo kwenda mbele. Nyuzi moja na nusu si nyingi kwa mtu anayejenga paa, lakini hapa zinaweza kuwa sehemu kubwa ya mlalo wote uliokuwapo. Gari litatangatanga barabarani, na dereva hatapumzika. Dawa yake ni kabari nyembamba za chuma, zinazokaa baina ya springi na ekseli, upande mnene ukiwa nyuma. Ukubwa wake uchaguliwe baada ya kupima, si kwa kukisia. Kisha magurudumu yatazamwe yakaribiane kidogo kwa mbele, milimita 1 na nusu hadi 3.

Tena mzee alale chini ya gari na uzi. Ausimamishe kutoka ukingo wa chini wa rimu ya kushoto mpaka pale tairi la kulia linapogusa ardhi, kisha vivyo hivyo upande wa pili. Chochote cha ekseli, fimbo, bolti au mabano kilichoning'inia chini ya uzi huo kitachimba lami siku tairi litakapopasuka, na gari linalochimba lami kwa mbele halisimami kwa upole. Walioshusha inchi nyingi mno, wakaongeza rimu ndogo, hukuta uzi umewasaliti.

Kuhusu kromu tuseme kwa ufupi. Ekseli inayong'aa hupendeza, lakini dawa za kupakia kromu huingiza gesi ya haidrojeni ndani ya chuma, na chuma kigumu hudhoofika kikawa kama kioo. Wanaoijua kazi hukioka chuma mara baada ya kupakwa, kwa saa kadhaa, katika joto la nyuzi 190 hivi za sentigredi. Anayejibu kwamba hajapata kusikia habari za kuoka apelekewe bampa tu. Mikono ya usukani na bolti zake vipakwe rangi nyeusi, vitafaa.

Na kabla ya rangi yoyote, ekseli kuukuu ipimwe nyufa. Njia ni ile inayotumika kwa vyuma vya ndege: hutiwa sumaku, ikanyunyiziwa unga wa chuma, na unga hujikusanya penye ufa usioonekana kwa jicho. Stabu zipimwe siku hiyo hiyo, maana umri wake ni mmoja na wa ekseli, na hakuna ajuaye ni mashimo mangapi zilipiga tangu mwaka 1950. Kingipini na bushi ziwe mpya. Kuweka kingipini iliyolegea katika ekseli mpya ni kuukaribisha ule mtikisiko wa usukani unaoanza katika mwendo wa kadiri na kumfanya mtu mzima apige kelele.

Yubolti za zamani zisirudishwe. Zikishavutwa mara moja na kukaa miaka, zimechoka. Zikazwe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, na uzito wake wote chini. Baada ya siku chache za kutembea polepole karibu na nyumbani, zikazwe tena, kwani springi na kabari hujikalia mahali pake na nati hubaki na nafasi. Safari ya kanisani na ingoje mpaka hapo.